Kunyoa kipara kwa ajili ya watoto wenye saratani: kinyozi wa Mbuyuni, Moshi

Saluni hii ya kiume iko upande wa soko la Mbuyuni. Septemba, mwezi wa kampeni ya saratani ya watoto duniani, hunyoa kipara kwa ahadi: wewe unatafuta watu wa kukuchangia, saluni inakunyoa bure, na fedha zinakwenda kwa watoto wanaotibiwa hospitali ya KCMC. Mtindo wenyewe ulipata jina kubwa kupitia St. Baldrick's, shirika la Marekani la kuchangisha fedha za saratani ya watoto, lililoanzia New York tarehe 17 Machi 2000.

Anayekuja na mkia wa nywele akitaka utumwe nje ukatengenezwe wigi, hapa hatasaidiwa, na tunaona wamefanya vizuri. Locks of Love, shirika la Marekani linalowapa watoto wigi, linataka nywele zisizopungua inchi 10, yaani sentimita 25 na ushee, kavu, zikiwa zimefungwa au kusukwa, na wigi moja hula mafungu 6 hadi 10. Kwa nywele zetu za kipilipili ni wachache wanaofika huko. Halafu mtoto wa Moshi kwenye joto la Januari hakai na wigi, linamwasha, analivua. Kofia laini ya pamba isiyo na mshono mgumu inamfaa zaidi, na nauli ya kurudi kliniki inamfaa kuliko vyote viwili.

Tuje kwenye mashine. Zipo mbili na zinapokezana, jambo ambalo saluni nyingi hulipuuza siku ya watu wengi. Mashine ikinyoa vichwa vinne mfululizo, meno hupata moto na kuunguza shingo. Kinyozi wa hapa huyagusisha ndani ya kiganja cha mkono wake kabla ya kumgusa mteja, na huweka tone la mafuta kila baada ya kichwa. Pia ameseti meno ya juu yakae nyuma kidogo ya yale ya chini, kama milimita moja. Yakilingana kabisa, yanang'ata ngozi.

Utaratibu wake ni sahihi. Nywele zikizidi sentimita 3 anaanza na kichanuo namba 4, kile cha kuchomeka kwenye mashine, kisha namba 1, ndipo anapita mashine tupu dhidi ya ulalo wa nywele. Kisogoni anafuata ulalo, kwa sababu hapo ndipo vipele huota na kuacha makovu. Njoo ukiwa umeosha kichwa jana yake na bila mafuta. Mafuta yanakamatisha vinywele kwenye meno, mashine inavuta badala ya kukata.

Usafi una pande mbili. Anapiga brashi kwanza mpaka meno yabaki matupu, ndipo anapaka spiriti ya asilimia 70. Ndivyo inavyotakiwa, kwani spiriti juu ya vinywele na mafuta haifiki kwenye vijidudu. Vichanuo vya plastiki vinalowekwa dakika 10 kwenye jiki ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa maji vipimo sita, kisha vinasuuzwa. Lakini lile sanduku la taa ya bluu wanalolitegemea kwa mikasi halitoshi. Mwanga unafanya kazi pale tu unapopiga, upande wa chini unabaki vilevile, na mapunye hayaondoki kwa taa.

Kasoro kubwa ni wembe. Mwisho wa kazi wanakuuliza kama wakung'arishe. Kataa. Wembe ni mpya kwa kila mtu, hilo tumelithibitisha, ila mchubuko mmoja unatosha kuingiza maambukizi, na nywele zetu zikikatwa chini ya ngozi hurudi ndani na kuota vipele. Mashine tupu inakupa kipara cha kutosha.

Wanachokifanya vizuri kuliko wengi ni kwa mtoto mgonjwa mwenyewe. Nywele huanza kudondoka wiki 2 hadi 3 baada ya dawa za saratani kuanza, na wazazi wengine humleta anyolewe pamoja na kaka zake. Kinyozi anauliza kwanza kama daktari ameruhusu, hamweki foleni kati ya watu wanaokohoa, wala hamgusi kwa wembe. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikishuka, damu haikatiki upesi. Chembe nyeupe zikishuka, kidonda kidogo kinakuwa homa ya kulazwa. Kwa mtoto huyo anaacha milimita 3, kichanuo namba 1. Huo ni uungwana wenye maarifa ndani yake.

Fedha ndizo zinazotutia wasiwasi. Lipa namba iliyobandikwa ukutani inatoa jina la mtu binafsi. Inapaswa kusajiliwa kwa jina la kikundi, na zaidi ya mtu mmoja aweze kuona salio. Risiti ya malipo ya hospitali ibandikwe mlangoni, bila jina wala picha ya mtoto. Na wewe mnyolewaji, kusanya ahadi kabla hujakaa kwenye kiti. Watu wakishaona kipara, ahadi zinapoa, na mzazi wa Same au Rombo anayekosa nauli ndiye anayekatisha mzunguko wa dawa katikati.

Nenda asubuhi, mashine zikiwa baridi na foleni fupi, na beba kofia: ngozi ya kichwa iliyofunuliwa leo inaungua kwa jua la saa sita.