Taarab ya laivu uani makumbusho: bendi tamu, ila mama yangu walimkosea

Hadi leo nikikumbuka nafura upya. Ilikuwa mwezi uliopita sijui ule wa kabla yake, jumba moja la makumbusho huku pwani, jina naliacha, waliweka taarab asilia ya laivu uani jioni, nikasema hii lazima nimpeleke mama. Mama yangu ana sabini na kitu, magoti yanamsumbua, lakini taarab anaijua, amekulia Ng'ambo ya mjini Unguja, nyimbo kalala nazo tangu mtoto.

Na muziki wallahi ulikuwa mzuri mno. Siyo hii ya kinanda na spika za kupasua masikio. Ala zenyewe kanuni, udi, fidla, nai, akodiani, dumbaki, watu wazima wamekaa wanapiga kwa utulivu. Uani pale upepo wa bahari unapita, na kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, unyevu ukiziingia zinateleza sauti, basi yule mzee wa kanuni kila wimbo ukiisha anainama na ufunguo wake anakaza na sisi tunangoja. Hilo halikunikera hata kidogo, ningengoja usiku kucha.

Sasa. Wimbo wa tatu au wa nne mwimbaji akaingia na beti la mke aliyevumilia akaja kuachwa, mama likamgusa. Anayeijua taarab anajua kinachofuata: unainuka na noti mkononi, unakwenda polepole kwa madaha, unamtunza mwimbaji, yaani unampa, na ile noti ndo inasema maneno hayo ni yangu. Mama elfu mbili mbili zake kazifunga kwenye pindo la kanga tangu nyumbani. Kainuka, hajapiga hata hatua kumi, kijana mmoja mwenye fulana ya waandaaji na redio koli kamwekea mkono mbele, "Bibi rudi ukakae, hapa siyo harusini, unawaziba wageni."

Hata shikamoo hakuna! Mama akamjibu kwa upole, "Mwanangu, naenda kutunza tu, narudi." Eti hairuhusiwi, ndo utaratibu. Utaratibu wa nani? Viti vya mbele nusu vitupu, na dakika chache kabla ya hapo wageni wawili walisogea hadi miguuni pa mwimbaji wakapiga selfi na hakuna aliyewaambia kitu.

Kilichoniuma zaidi, ndani ya jumba hilohilo wametundika picha ya Siti binti Saad na wamemsifu vizuri tu, mwanamke aliyetoka kijiji cha Fumba, Unguja, akiuza vyungu, akaiimba taarab kwa Kiswahili, mwaka 1928 akaenda hadi Bombay kurekodi santuri. Huyo mmemuweka ukutani, halafu bibi aliyelelewa na nyimbo hizo mnamrudisha kwenye kiti kama mtoto mtukutu? Kutunza siyo vurugu jamani, ni nusu ya taarab yenyewe! Mkiiondoa hiyo mnahifadhi nini?

Nikamwambia mama twende zetu, akakataa, "Kaa, wimbo haujesha." Tukakaa, mi nimenuna, yeye anafuatisha maneno kwa midomo huku noti zimo mkononi. Nikainuka kwenda kumlalamikia msimamizi, akanijibu watalifanyia kazi bila hata kuinua macho kwenye simu. Hapo nikaapa nyota moja tu na sikanyagi tena.

Lakini mwimbaji alikuwa ameona yote kutoka jukwaani. Walipomaliza kashuka na gauni lake refu, kapita wale wageni wote, kaja mpaka kwenye kiti cha mama, kapiga goti, "Shikamoo mama yangu, nilikuona." Mama akampa zile noti, zimelowa jasho, wakashikana mikono muda mrefu hakuna anayesema kitu. Nimelia mimi mtu mzima.

Kwa hiyo sijui niwape ngapi. Bendi nyota tano, na bado ni chache. Waandaaji hata hiyo moja nawapa kwa shida, kwanza mtu mmoja angekwenda kumuomba radhi mama ningeandika mengine kabisa. Juzi niliwaambia watu sirudi. Jana mama kauliza wanapiga tena lini, nikamwambia ntaulizia. Nitampeleka, tutawahi mapema tukae safu ya mbele, na safari hii namshika mkono naenda naye kutunza, huyo kijana anizuie mimi.