Panga, kisu au shoka? Chuma cha kununua kwanza kwa ajili ya porini na siku za dharura

Kisu changu cha kwanza cha porini kilikufa nikichonga kigingi cha hema. Kilikuwa kikubwa, cheusi, kina meno mgongoni kama mamba, na ndani ya mpini wake mlikuwa na ndoana mbili, uzi, njiti za kiberiti na dira iliyoelekea kokote ilikotaka. Nilipokigonga mgongoni kwa gogo mara ya tatu, ubapa ulibaki kwenye mti na mpini ukabaki mkononi mwangu. Nilichungulia mle ndani nikaiona siri yote: chuma kilikuwa kimeingia mpinini kiasi cha urefu wa kidole gumba tu, kikashikwa na nati moja.

Kwa hiyo nafasi ya mwisho kwenye orodha hii imeshapata mwenyewe. Kisu chochote chenye mpini mtupu wa kuhifadhia vikorokoro, kiache dukani. Ndoana na njiti utazibeba mfukoni.

Waliobaki wanashindana kweli, na mimi nawapanga kwa kazi, si kwa sura. Mtu aliyekwama porini, au ambaye dhoruba imemkatia umeme na barabara, hutumia makali kwa mambo yale yale: kukata fito za kibanda, kupasua kuni zilizolowa ili afikie moyo mkavu, kufyeka njia, kuchonga, kukwangua nyuzi za kamba, na kuandaa chakula. Kupigana na chui hakumo.

La kwanza: panga

Waandishi wengi wa vitabu vya porini huanza na kisu. Wengi wao wanaishi kwenye misitu ya baridi, ambako chini ya miti hakuna vichaka vya kutisha. Palipo na majani mabichi, miiba, mianzi na nyasi zinazofika kifuani, panga linafanya kazi ya kisu kwa shida kidogo, lakini kisu hakifanyi kazi ya panga hata kidogo.

Tafuta ubapa wa sentimita 35 hadi 45. Likizidi hapo linachosha mkono na kunasa kwenye matawi, likipungua sana linakosa uzito wa kukata. Unene wa milimita 2 hadi 3 unatosha. Usidanganywe na panga nene kama nondo, maana panga hukata kwa mwendo wake, na bapa nene hudunda kwenye ubichi badala ya kuzama. Ukiwa dukani, weka ncha yake kwenye ubao, lisukume taratibu mpaka lipinde kidogo, kisha liachie. Chuma kizuri kinarudi kama kilivyokuwa. Kikibaki kimepinda, mrudishie muuzaji kwa heshima zote. Halafu lipige bapa kwa ukucha: linapaswa kulia kama kengele ndogo. Likitoa sauti ya bati lililokufa, tazama vizuri mpinini, mara nyingi utakuta ribiti, zile pini zinazobana mpini kwenye chuma, zimelegea.

Ribiti ziwe tatu au zaidi, na msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia mpinini, ufike mwisho kabisa wa mpini. Kuhusu mpini wenyewe nachagua wa mti, ijapokuwa wa plastiki hauozi. Wa mti ukipasuka unachonga mwingine. Wa plastiki ukipasuka unafunga kwa kamba na kusali. Tramontina ya Brazili, iliyoanza kama karakana ya mhunzi mwaka 1911, hutengeneza mapanga mepesi ya aina hii, na si wao peke yao. Jina si kitu sana kwenye panga. Chuma na mpini ndivyo vya kuangalia.

Jambo linalowashangaza wengi: panga jipya mara nyingi huja butu. Kiwandani wanalipa umbo tu, makali unajitilia mwenyewe. Ndiyo maana nasema bei ya panga ni bei ya panga pamoja na tupa. Libane kwenye gogo makali yakikutazama, sukuma tupa kwenda mbele tu, usikwangue ukirudi, kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30 kila upande. Kipande cha sentimita 10 karibu na mpini kipe makali membamba zaidi, hicho ndicho kisu chako cha kuchongea. Katikati, panapopokea vishindo, acha pawe panene kidogo.

Panga linakuingiza pia kwenye mimea, na hapo ndipo linapolipa gharama yake. Majani ya mkonge pori, yale marefu magumu kama panga zenyewe, yalaze juu ya gogo laini na uyakwangue kwa mgongo wa bapa, si kwa makali. Nyama ya jani inatoka kama ute, zinabaki nyuzi nyeupe za kusokotea kamba inayobeba mzigo. Ukikwangua mkonge mkubwa wa mashambani, jihadhari na maji yake, yanawasha ngozi. Mwanzi nao hupasuka wenyewe: weka panga kichwani, ligonge kwa gogo, ufa unakimbia hadi chini. Ila mwanzi mbichi usiutupe motoni mzima. Kila pingili ina hewa na unyevu uliofungiwa, mvuke ukijaa hulipuka. Toboa kila pingili kwanza.

Na uujue mnyaa kabla hujaanza kufyeka. Ule mti wa vijiti vya kijani visivyo na majani, ukiukata unatoa utomvu mweupe, na tone moja likirukia jichoni linaweza kukuachia maumivu makali na upofu wa muda, wakati mwingine zaidi ya muda. Panga hurusha utomvu kuliko kisu. Ukiwa huna hakika ni mti gani, upite kando. Ukirukiwa, osha jicho kwa maji mengi na safi, dakika kumi na tano au zaidi, kisha tafuta mganga wa hospitali.

La pili: kisu cha ala

Hiki ni kisu kisichokunjwa. Ubapa wa sentimita 9 hadi 12, unene wa milimita 2.5 hadi 4. Kikubwa zaidi ya hapo kinajaribu kuwa panga na kinashindwa.

Uliza habari za msuka. Msuka uliojaa mpini wote, unaouona kwa macho ukingoni, ndio wa kutegemea kama unakusudia kupasulia kuni kwa kukigonga mgongoni. Lakini sitaki uwe mtumwa wa kanuni hii. Visu vya mji wa Mora, Uswidi, vingi vina msuka mwembamba uliofichwa ndani ya mpini, na watu wamevitumia miaka mingi bila kulia. Ni vyepesi, vinanoleka upesi, na bei yake haiumi. Usivigonge kwa rungu kwenye fundo la mti, basi.

Chuma ni mjadala usiokwisha, nitaufupisha. Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Chuma cha kaboni hakina kinga hiyo, ukikatia limau na kukisahau usiku mmoja, asubuhi kimeshapata madoa. Lakini kinanoleka kwa urahisi na hutoa cheche kikigongwa na jiwe gumu la gumegume. Ukiishi karibu na bahari, au ukijijua wewe ni mvivu wa kupangusa, chukua kisichoshika kutu. Mimi najijua. Ugumu ukiandikwa kwenye boksi, kwa kipimo cha Rockwell, tafuta kati ya 56 na 60. Chini ya hapo makali hayakai. Juu zaidi yanameguka kwa urahisi, na porini hutaweza kuyarudisha kwa jiwe dogo.

Kitu kimoja wanunuzi hukisahau: mgongo wa kisu. Upitishe kwenye njiti ya kiberiti. Ukikwangua vumbi laini la mti, basi una pembe kali, na utatoa cheche kwenye kile kijiti cheusi cha kuwashia moto, ambazo joto lake hufika takriban nyuzijoto 3,000. Mgongo uliolainishwa utakulazimisha kutumia makali, na hapo utayaua kwa jioni moja.

Ala ijaribu kwa kuigeuza juu chini na kuitikisa. Kisu kikianguka dukani, kitaanguka na mtoni. Ala ya ngozi inapendeza lakini hunywa maji na kuyahifadhi kwenye chuma, ya plastiki iwe na tundu chini la kutolea maji.

La tatu: msumeno wa kukunja

Hapa nitagombana na watu wa mashoka. Msumeno wa kukunja wenye ubapa wa sentimita 18 hadi 25 unakata gogo nene kama paja la mtoto kwa nguvu ndogo sana, ukiwa umepiga magoti, mikono ikitetemeka kwa baridi au njaa. Hauruki, hauteleze kwenye mguu. Mtu aliyechoka ndiye anayejikata, na porini utakuwa umechoka.

Chagua unaokata ukiuvuta kuelekea kwako, wenye kifungo madhubuti cha kuzuia kujikunja, na ambao ubapa wake unabadilishwa. Meno ya misumeno hii mara nyingi yamefanywa magumu kwa joto kiasi kwamba tupa haiyapati, yakiisha unanunua bapa jingine. Utomvu ukinata, upanguse kwa mafuta ya kupikia.

Panga na msumeno vikiwa pamoja, sioni kazi ya kambini itakayokushinda.

La nne: shoka dogo

Kwenye misitu ya misunobari na theluji, ambako usiku usio na moto ni hatari ya kweli, lipandishe shoka mpaka nafasi ya kwanza, sitabisha. Kwingineko ni mzigo. Kichwa cha gramu 500 hadi 700, mpini wa sentimita 35 hadi 50. Tazama nyuzi za mti kitako cha mpini: ziende sambamba na makali, zisiyakate. Mpini wenye nyuzi zinazokatiza utavunjika siku ambayo hukuiandaa.

Shoka fupi lina tabia mbaya kuliko refu. Ukilikosa gogo, refu huchimba ardhi, fupi hutafuta muundi wako. Piga magoti unapolitumia.

La tano: kisu cha kukunja

Kizuri mno kama kisu cha akiba, kibaya kama cha pekee. Kiungo chake ndicho udhaifu wake, nacho hupenda mchanga. Ukinunua, kiwe na kufuli. Opinel ya Ufaransa, iliyoanza 1890, iliongeza pete ya chuma inayozunguka mwaka 1955 ili kuzuia ubapa usijifunge, na mpaka leo sijaona kufuli rahisi kuelewa kama hiyo. Mpini wake wa mti huvimba ukilowa na kisu kinakataa kufunguka. Upake mafuta kabla ya masika.

Kabla hujakitia mfukoni, soma sheria ya unakokwenda. Uingereza, kwa mfano, inaruhusu kubeba hadharani bila sababu maalumu kisu cha kukunja kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3 tu. Ndege haina mjadala: kisu kinakwenda kwenye mzigo wa chini.

La sita: koleo la vifaa vingi

Ni koleo la kukunja lenye kisu na vifaa vingine vidogo mpinini, kifaa cha gari na nyumba. Umeme ukikatika, bomba likivuja, jiko likigoma, utalishukuru. Porini utatumia koleo lake kuinua sufuria ya moto, na kisu chake utakilaani.

Vya kununua siku hiyo hiyo

Tupa ya panga, jiwe la kunolea lenye pande mbili, upande wa namba 400 wenye chembe kubwa na wa 1000 ulio laini, na chupa ndogo ya mafuta. Kwa kisu chenye upana wa sentimita 2.5, inua mgongo kama milimita 8 juu ya jiwe, utapata pembe ya karibu nyuzi 20. Vuta kwa upole upande mmoja mpaka kidole, kikipitishwa kutoka mgongoni kutelezea nje ya makali, kihisi kiunywele cha chuma kimejikunja upande wa pili. Geuza, rudia, kisha maliza kwa mivuto myepesi ya kupokezana. Wengi huacha kabla ya kile kiunywele hakijatokea, ndipo wanasema jiwe ni feki.

Ongeza bandeji pana na kitambaa safi, vikae pamoja na chuma na si kwenye begi jingine. Jeraha la panga hubanwa pale pale, kwa nguvu, bila kuchungulia kila dakika.

Ukinunua chuma kilichotumika, kutu ya juu juu isikutishe, inatoka kwa msasa na mafuta. Vishimo vya kutu kwenye makali ni jambo jingine, vitameguka. Litazame panga kwenye mwanga: ukiona utepe wa rangi ya buluu au zambarau kandokando ya makali, ujue aliyelinoa alitumia mashine ya kusagia na akalipasha moto kupita kiasi. Chuma cha hapo kimelainika, utalinoa asubuhi na mchana litakuwa butu. Mwachie mwenyewe.