Sororiti ya binti yangu Marekani: naipa nyota tatu, mzazi soma kabla hujatuma hela

Habari zenu wazazi wenzangu. Naandika toka Uyole hapa Mbeya, binti yangu yuko mwaka wa pili chuo kimoja huko Marekani, alipata skolashipu, na tangu mwezi wa tisa mwaka jana ni mwanachama wa sororiti, yaani chama cha wasichana wa chuo. Chuo sikitaji na sororiti yenyewe siitaji, ila nimeilipia mihula mitatu sasa na kipindi natafuta maelezo kwa Kiswahili sikupata hata mstari mmoja, ndo mana naandika.

Siku ananiambia alikuwa na furaha sana, "Mama nimechaguliwa, nina dada zangu huku sasa hivi", mimi nikajua ni kama UKWATA au CASFETA, kikundi cha kusali na kwaya, nikamwambia Mungu ni mwema mwanangu. Siku nne baadae ikaingia bili whatsapp. Dola 780 muhula wa kwanza tu, humo kuna ada ya chama, ada ya mwanachama mpya, bima, beji, alafu chini kwa maandishi madogo kabisa imeandikwa hela hairudishwi. Nilikaa na simu mkono mmoja na daftari la mauzo mkono mwingine, mimi nauza viazi, milioni mbili ni magunia mengi sana yanapanda lori kwenda Dar. Skolashipu haigusi hiyo hela hata kidogo. Na asikudanganye mtu kwamba mtoto atajilipia, viza ya mwanafunzi kazi ni ndani ya chuo na mwisho masaa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea.

Sasa hii kitu ni nini. Ni vyama vya wanafunzi vinavyoitwa kwa herufi za Kigiriki, vya wavulana ni fraterniti, vya wasichana sororiti. Ni vya siku nyingi, Phi Beta Kappa ilianza mwaka 1776 ingawa leo hiyo ni ya kuheshimu waliofaulu vizuri tu. Vingi vina nyumba zao wanachama wanaishi humo. Kuna vya weusi pia vyenye heshima kubwa, Alpha Kappa Alpha ilianzishwa 1908 chuo cha Howard na Kamala Harris ni mwanachama, Alpha Phi Alpha ya wavulana ilianza 1906 pale Cornell na Martin Luther King alikuwa humo. Kwa hiyo mzazi usije ukaambiwa kanisani kwamba ni ushetani ukaanza kulia, mimi niliambiwa hivyo na nikapoteza usingizi wiki nzima bure.

Na uzuri wake upo, lazima niuseme. Mwezi wa pili mwanangu alishikwa na homa kali usiku, kuna theluji nje, mimi niko huku siwezi kufanya lolote, wasichana watatu wa sororiti wakamvalisha makoti wakampeleka hospitali wakalala kwenye viti mpaka asubuhi, na mmoja wao ndo alikuwa ananiandikia kila nusu saa. Siwezi kusahau. Alafu wana masaa ya kusoma pamoja na ukishuka GPA (wastani wa alama) chini ya kiwango chao unasimamishwa shughuli, hilo nalipenda sana. Nyota tatu zote zimetoka hapo.

Nyota mbili nimezikata kwa sababu ya wiki za mwanzo. Sisi tuliosoma bweni tunajua njuka, mwanafunzi mgeni, alikuwa anafanywaje, kufulia watu nguo, kuamshwa usiku kuimba, kupigwa na mto, na ukisema kwa matron unaonekana msaliti. Huko nako ipo, wanaiita heizingi, na kwao inaendana na pombe, hapo ndo inaua. Februari 2017 chuo cha Penn State kijana wa miaka 19, Timothy Piazza, usiku wa kukaribishwa fraterniti alinyweshwa pombe nyingi kwa muda mfupi akaanguka ngazi, na hao waliokuwa wanamwita ndugu walikaa karibu masaa 12 bila kuita msaada. Kamera za nyumba zilirekodi. Wazazi wake wamepigana mpaka sheria zikabadilika, na Desemba 2024 Marekani ilipitisha sheria ya nchi nzima inayolazimisha vyuo kutangaza matukio ya heizingi. Kwa hiyo mzazi ingia kwenye tovuti ya chuo cha mwanao, tafuta hiyo ripoti, angalia kama jina la chama anachotaka limo. Kama kiingereza kinakusumbua mpe mtu akusomee, usione aibu.

Na kuna jambo sikulijua kabisa, nyumba nyingi za sororiti pombe hairuhusiwi ndani, unaweza ukatulia ukasema basi binti yangu yuko salama, kumbe sherehe wanaenda kufanyia kwenye nyumba za fraterniti, kwa wavulana, na binti wa miaka 18 kule kisheria hata bia moja haruhusiwi mpaka afike 21. Muulize anaenda na nani anarudi na nani. Mwambie mwenzake akizidiwa na pombe apige 911, namba yao ya dharura, hapo hapo, majimbo mengi yana sheria ya kumlinda anayeita msaada hata kama na yeye amekunywa.

Kuna kipindi binti alikaa siku tatu hapokei simu, nikapiga chuoni saa kumi alfajiri ya huku, kwao saa tatu usiku, akapokea dada mmoja mpole akaniambia mama, mtoto wako ana miaka 18, taarifa zake za chuo siwezi kukupa mpaka yeye mwenyewe aridhie kwa maandishi. Nilihisi miguu imeisha nguvu. Kumbe ndo sheria yao, matokeo na bili zote ni mali ya mwanafunzi. Hiyo fomu ya ridhaa ajaze kabla hajapanda ndege, na uwe na namba za marafiki zake wawili.

Alivyopiga nikamuuliza wazi, wanawafanya nini nyie wapya? Akanyamaza. Akasema mama tumeambiwa tusiseme. Nikamwambia siri ya wimbo itunze, siri ya kuumizwa mimi sitaki. Akacheka akaniambia ni kukariri historia ya chama, kuimba na mishumaa, na simu zao wanazikusanya kwenye kapu jioni wakiwa na vikao. Namwamini, lakini niliuliza tena wiki iliyofuata na nyingine tena.

Sasa anataka mwakani ahamie kwenye nyumba yao. Nimemwambia bili ya Januari nitalipa, ila mkataba wa nyumba amtumie kwanza mjomba wake ausome, hasa kile kifungu cha kutoka katikati ya mwaka. Mpaka leo hajautuma na mimi hela bado sijatuma.