Nililipa mtu anijazie karatasi za kodi ya lupango (kiwanja chenye nyumba), Lubumbashi

Nina lupango Kampemba, nyumba mbili ndani: ya nyuma naishi na familia, ya mbele nimepangisha kampuni ndogo. Mwaka huu kazi ya deklarasyo, yaani karatasi ya kutangaza kodi, nilimpa mshauri wa kodi, mtu wa ofisi ya meza moja na mashine ya fotokopi. Nyota nne kati ya tano.

Alikuja na mita kupima kabla ya kuandika chochote. Wengi wetu tunadhani kodi ya majengo inafuata bei ya nyumba. Sivyo. Inafuata daraja la mahali, na aina ya jengo: vila inahesabiwa kwa mita za mraba, majengo mengine kwa kiwango maalum. Kwa hiyo neno "vila" kwenye karatasi ni pesa. Tulibishana pale getini kuhusu nyumba ya mbele, akafungua sheria kwenye simu akanisomea. Hakukisia.

Nilipofaidika zaidi ni kwenye kodi ya mapato ya pango. Mpangaji ananilipa dola 500 kwa mwezi. Hesabu aliyonipigia ni 22%, yaani dola 110: kampuni inakata 100 na kuzipeleka yenyewe serikalini, mimi ninabaki na 10 za kumalizia kwenye deklarasyo, kabla ya tarehe 1 Februari. Sawa, lakini uthibitisho wa hizo 100 uko wapi? Mpangaji alikuwa akinikata kila mwezi bila kunipa karatasi hata moja. Mshauri alimwandikia barua siku ileile, na karatasi zikatoka. Bila hizo ningeweza kudaiwa pesa ambayo sikuwahi kuishika.

Malipo nilipeleka benki mwenyewe. Hakuomba kushika hata faranga. Kwa mji wenye watu wanaopita milangoni na kitabu cha risiti kwapani, hiyo peke yake ina uzito.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya nakala ya deklarasyo yenye muhuri. Nilimfuata mpaka simu yangu akaacha kupokea, halafu akaileta kama vile hakuna kilichotokea.

Alitaka dola 30, tukaelewana 20. Mama mdogo, mjane anayekaa kwake Katuba, alielezwa kwamba sheria ina msamaha kwa wajane na kwa waliopita miaka 55, kwa masharti yake. Huyo alimjazia bure.