Amri Hazitoshi, na Hapo Ndipo Utamu Ulipo: Uchambuzi wa Flashpoint Campaigns: Red Storm

Karibuni tena, watazamaji wangu. Kama umecheza gemu za vita za zamu kwa zamu, unaujua ugonjwa wake: mimi nasogeza vikosi vyangu vyote huku wewe umesimama kama sanamu unasubiri kupigwa, halafu zamu inageuka. Leo nawaletea gemu ya kompyuta iliyoutibu ugonjwa huo vizuri kuliko zote nilizocheza. Ni Flashpoint Campaigns: Red Storm, ya mwaka 2013. Uko Ujerumani Magharibi mwaka 1989, NATO dhidi ya Wasovieti, katika vita ambavyo kwa heri yetu sote havikutokea.

Dawa yenyewe, pande zote kutoa amri kwa pamoja, si jambo jipya. Kwenye Diplomacy, mchezo wa ubao wa 1959, wachezaji saba wanaandika amri zao kwa siri, zinafunuliwa kwa mpigo, na hakuna dadu. Combat Mission ya mwaka 2000 ikaja na zamu za sekunde 60: unapanga, unabonyeza, kisha unatazama dakika nzima ikipita bila kugusa chochote.

Red Storm imekwenda mbali zaidi. Tazameni saa hii hapa kwenye skrini. Zamu za pande mbili hazina urefu mmoja! Kila jeshi lina mzunguko wake wa amri, yaani muda unaopita kabla hujaruhusiwa kusema tena. Kwa kawaida NATO inazungumza mara nyingi zaidi. Msovieti anasubiri, lakini ana vifaru vingi. Makao makuu yako yakipigwa, au mawasiliano ya redio yakivurugwa, mzunguko unarefuka. Jeshi bado lipo, bunduki zipo, ila neno lako linachelewa kufika.

Juzi nilituma kombania ya vifaru ikashike kilima. Saa ilipoanza kutembea, msafara wa adui ukatokea msituni, upande ambao sikuutazamia kabisa. Nimeshika mausi, naona kila kitu, na sina ruhusa ya kusema neno. Kilichoamua hatima ya wale askari ni maelekezo niliyowapa mapema: wakipoteza kiasi gani warudi nyuma, adui akiwa umbali gani wafyatue. Nilikuwa nimeyaacha yalivyo. Wakarudi nyuma mapema mno, kilima kikaenda. Tangu siku hiyo sianzi saa kabla sijapitia maelekezo ya kila kikosi.

Kuna chaguo moja naomba mliwashe: lile la kuwekea kikomo idadi ya amri mpya kwa kila zamu. Una vikosi ishirini, amri hazitoshi hata nusu yao. Nani umwambie? Mizinga ihame kabla haijajibiwa mapigo, au waliozingirwa watoke? Nimewahi kukaa dakika kumi nikiitafakari amri moja ya mwisho, na hizo dakika ndizo bora kuliko milipuko yote ya gemu hii.

Ninyi mnaobuni gemu, hapa pana somo. Wengi wakitaka kubana mamlaka ya mchezaji wanarusha dadu: namba mbaya, kikosi kimegoma. Mchezaji anailaumu bahati na hajifunzi kitu. Hapa sababu inaonekana. Umechelewa kwa kuwa makao makuu uliyaweka karibu mno na mapigano, na kesho utayaweka kwingine.

Michoro ni ya kawaida: ramani ya pembesita, kila moja mita 500, na alama za vikosi. Kitabu cha maelekezo kisomeni, msiruke. Anayetaka ya karibuni zaidi, Southern Storm ilitoka 2022 kwa mfumo huohuo.

Anzeni na NATO kwenye pambano dogo, mlicheze mara tatu. Kisha vukeni upande wa pili, pambano lilelile, mkae na ule mzunguko mrefu. Mpango wenu wa kwanza itabidi muuamini kwa muda ambao hamjazoea.