Uzoefu wangu wa kupanga na kufunga mfumo wa maji wa kupozea kompyuta nyumbani

Kompyuta yangu ya kazi ina prosesa ya AMD Ryzen 9 5950X na kadi ya michoro ya GeForce RTX 3080, na shughuli yake kubwa ni kurenda, yaani kuichakatisha kompyuta itoe picha kamili za majengo, kwa programu ya Blender. Kuna siku prosesa na kadi hufanya kazi kwa nguvu zote kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri. Chumba ninachofanyia kazi, huku Tabata, Dar es Salaam, hakina kiyoyozi, na mwezi wa Januari na Februari hewa ya humo ndani hukaa kwenye nyuzi 30 au 31 hata usiku wa manane. Kwa kupoza kwa feni peke yake nilikuwa nikisoma nyuzi 83 au 84 kwenye kadi, na prosesa ikigusa 90, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa alichokiweka mtengenezaji. Hata hivyo, si namba hizo zilizonisukuma kubadilisha, bali kelele. Mwanangu analala chumba cha pili, na asubuhi moja aliniuliza kama usiku jirani aliwasha jenereta.

Njia rahisi ilikuwa kununua kipozeo cha maji kilichofungwa kiwandani, ambacho mtu hukitoa kwenye boksi na kukikaza kwa skurubu nne. Niliiacha kwa sababu vipozeo vya aina hiyo vingi hushughulikia prosesa tu, ilhali kwangu mimi mlio mkubwa ulitoka kwenye kadi ya michoro. Nikaamua kuunganisha mfumo wangu mwenyewe kipande kwa kipande, yaani pampu, tangi, rejeta mbili, bloku (kipande cha metali kinachokaa juu ya chipu na kupitisha maji ndani yake) ya prosesa, bloku ya kadi na mipira ya kuviunganisha. Ulikuwa wa kwanza maishani mwangu, na nilitumia miezi miwili kuupanga na siku mbili kuufunga.

Jambo ambalo ningependa kila anayetaka kuanza alielewe kabla hajatoa hata senti ni kwamba maji hayatengenezi baridi. Kazi yake ni kubeba joto kutoka kwenye chipu na kulipeleka kwenye rejeta, na rejeta nayo hulikabidhi kwa hewa ya chumba. Kwa hiyo maji hayawezi kuwa na ubaridi kuliko hewa hiyo. Anayeishi mahali ambapo chumba kina nyuzi 20 ataona namba nzuri ambazo sisi wa pwani hatutaziona, hata tukinunua vifaa vilevile, na ndiyo maana mtu wa huku hafai kunakili mpango wa mtu wa Ulaya bila kuongeza rejeta.

Nilianza na hesabu ya wati. Kwenye boksi la prosesa hii imeandikwa wati 105, lakini kikomo halisi cha umeme inaoruhusiwa kuvuta ni wati 142. Kadi imepangiwa wati 320. Jumla ni wati 462 za joto ambazo lazima zitoke. Wazoefu wana kanuni yao ya kukadiria, kwamba kila kifaa kinachopozwa kipewe nafasi ya feni moja ya milimita 120, kisha iongezwe moja ya akiba. Kwa vifaa viwili hiyo ni rejeta moja ya milimita 360, yenye feni tatu. Ingetosha, lakini feni zingelazimika kukimbia sana, na mimi nilikuwa naikimbia kelele. Nikachukua rejeta mbili za 360, moja ya juu na moja ya mbele, ili feni zote sita zizunguke polepole.

Baada ya hapo ilibaki kujua kama zitaingia. Karatasi ya mtengenezaji wa kasha la kompyuta inasema rejeta ya 360 inakaa juu, na ni kweli inakaa, ila haielezi unene. Rejeta nyembamba huwa na milimita 30 hivi, feni ina 25, jumla 55, na ukichukua ile nene ya milimita 45 unafika 70. Nilikata boksi la viatu, nikaunda rejeta ya karatasi yenye vipimo hivyohivyo pamoja na feni zake, nikaibandika kwa gundi ya karatasi mahali pake. Ile nene iligonga vipoza joto vya ubaomama (bodi kuu ya kompyuta) pale juu, kwenye kona, kwa upana wa kidole. Ile nyembamba ilipita. Kwa mbele nene ilienea bila shida. Boksi hilo la viatu liliniokolea fedha nyingi kuliko punguzo lolote nililowahi kupewa dukani.

Bloku ya kadi nayo inataka umakini wa pekee. RTX 3080 zilitengenezwa na kampuni nyingi, na kila kampuni inaweza kupanga vifaa kwenye bodi ya kadi kwa namna yake, kwa hiyo bloku inayokaa vizuri kwenye kadi moja haiwezi hata kufungwa kwenye nyingine yenye jina lilelile la chipu. Nilikuwa nimeshaweka kwenye kikapu bloku isiyo yangu, kwa kuwa nilisoma jina la chipu peke yake. Nikafungua kadi, nikapiga picha bodi yake, nikailinganisha na picha ya muuzaji kapasita kwa kapasita. Haikuwa yenyewe.

Kuhusu metali nilipata somo mahali nisipotarajia. Nilikuwa mtaa wa Gerezani, hapa Dar es Salaam, kushughulikia gari la shemeji yangu, na kwa kuwa fundi wa rejeta alikuwa amekaa tu akisubiri gundi ikauke, nikamweleza mradi wangu. Hakucheka. Aliuliza jambo moja, "Kaka, hiyo rejeta yako ni shaba au alumini?" Nikamwambia sijui, labda alumini, kwa kuwa ndiyo rahisi. Aliinuka, akaniletea kipande cha rejeta ya zamani na kukipindua mkononi, na ndani yake mlikuwa na unga mweupe na vitundu vidogo kama mbao iliyoliwa na mchwa. "Shaba na alumini usiziweke kwenye maji mamoja, kaka. Hii alumini ndiyo italiwa." Alichokieleza ndicho kinachotokea hasa, kwani metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji yanayopitisha umeme, alumini huoza upesi. Kwa kuwa bloku zangu zote ni za shaba, nyingine zikiwa zimepakwa nikeli, niliagiza rejeta za shaba kutoka Alphacool ya Ujerumani, na vifaa vingine vidogo nikavichukua kwa Barrow na Bykski, kampuni za Kichina ambazo bei yake ni nafuu na kazi yao haijaniangusha mpaka leo.

Sasa niseme juu ya fitingi, yaani viungo vya kushikia mipira kwenye vifaa, kwa maana hapa ndipo bajeti ya wanaoanza huvuja. Kila kifaa kina tundu la maji kuingia na la kutoka, na kila tundu linataka fitingi yake. Tangi lenye pampu ni mbili, rejeta mbili ni nne, bloku mbili ni nne, hapo tayari ni kumi. Nikaongeza tii (kiungo cha njia tatu) moja kwenye sehemu ya chini kabisa ya mzunguko, pamoja na koki ya kumwagia maji, ambayo ilidai fitingi nyingine mbili, kisha elbo (kona) nne za nyuzi 90 mahali ambapo mpira ungejikunja. Nilipojumlisha nikakuta vipande karibu ishirini, vikigharimu zaidi ya rejeta zote mbili. Halafu nikaagiza kwa makosa. Mpira niliochagua una kipenyo cha ndani cha milimita 10 na cha nje 16, na fitingi nilizoletewa zilikuwa za 10 kwa 13, kwa sababu niliangalia tarakimu ya kwanza tu. Nilisubiri wiki tatu nyingine.

Wakati wa kusubiri nilifanya kosa kubwa zaidi. Matundu ya vifaa hivi hutumia uzi (mistari ya kukazia kama ya skurubu) wa G1/4, ambao kwa kipimo ni robo inchi ileile ya fitingi za kompresa zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Nilihitaji kizibo kimoja cha tundu la ziada kwenye tangi, nikanunua cha shaba nyeupe dukani, nikakizungushia thredi tepu kama anavyofanya fundi bomba, nikakaza. Kiliingia vizuri mizunguko mitatu, kisha kikawa kigumu, nami nikaongeza nguvu kidogo. Nilisikia mlio mdogo kama wa kucha inayovunjika, na mstari mweupe ukakimbia kutoka kwenye tundu hadi nusu ya ukingo wa tangi. Uzi wa kizibo kile ulikuwa unapanuka kuelekea juu kama kabari, na akriliki, ile plastiki ya tangi, haivumilii kabari. Fitingi za kompyuta uzi wake ni wa upana mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na kinachozuia maji si uzi wala tepu bali oringi (pete) ya mpira iliyoko chini ya kichwa, ndiyo maana hukazwa kwa vidole tu. Tangi jipya nililinunua kwa fedha ya sikukuu.

Pampu ni ya aina ya D5, ambayo wengi huitumia kwa sababu ni tulivu na inadumu, na ina kasi inayorekebishwa. Sharti lake ni kwamba isizunguke bila maji, kwa hiyo tangi lazima liwe kabla yake na juu yake. Mpangilio wa vifaa vingine hauna uzito kama watu wanavyodhani. Maji yangu yanapita kiasi cha lita 200 kwa saa, na kwa mwendo huo wati 460 huyapandisha takriban nyuzi mbili tu tangu yanapoingia kwenye bloku ya kwanza hadi yanapotoka kwenye ya pili. Niliunganisha kwa kufuata njia fupi ya mpira, basi. Mipira yenyewe nilichagua ya EPDM, aina ya mpira halisi, myeusi, isiyopendeza macho hata kidogo, kwa kuwa ile ya plastiki inayong'aa huweza kutoa kemikali zinazoganda na kuziba njia nyembamba za bloku.

Kabla ya kutia maji niliupima mfumo kwa hewa, nikitumia pampu ndogo ya mkono yenye geji. Niliujaza hadi baa 0.5 na kuuacha nusu saa, na mshale ulipoanza kushuka nilikuta fitingi moja ya rejeta ya juu ambayo oringi yake ilikuwa imekaa upande. Hewa ikivuja, hasara yake ni pumzi tu, tofauti na maji. Baada ya kuirekebisha nilitia maji yaliyosafishwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu, nikikumbuka kwamba maji hayo, ambayo huuzwa kama maji ya kuongezea betri, na maji makali (asidi) ya betri hukaa rafu moja kwenye maduka ya vipuri na lebo lazima isomwe. Nilichomoa umeme wa ubaomama na kadi, nikaunganisha pini ya 16 ya plagi kubwa ya pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) na pini ya ardhi iliyo jirani yake, ili pampu pekee iwake. Nikatandika karatasi za chooni chini ya kila kiungo na kuiacha izunguke saa 24. Umeme ulikatika mara mbili katika muda huo, nikaanza kuhesabu upya kila mara, pengine kwa woga usio wa lazima.

Matokeo nayatoa kwa chumba cha nyuzi 31, baada ya saa mbili za kurenda. Maji hukaa kwenye nyuzi 41 au 42, kadi kwenye 55, prosesa kwenye 73, na feni zote sita zikizunguka mara 900 kwa dakika. Asipime mtu kwa dakika tano, kwani maji huchukua kama nusu saa kufikia joto lake la kudumu, na namba za mwanzo hudanganya. Kadi imeshuka kwa karibu nyuzi 30, jambo ambalo sikulitarajia. Prosesa imeshuka kwa 17, nami nakiri kwamba kipozeo kikubwa cha hewa chenye minara miwili kingeipa sehemu nzuri ya nafuu hiyo kwa fedha kidogo sana. Chumba chenyewe hakijapoa hata nukta moja, maana wati ni zilezile na zinaishia humohumo.

Gharama yote, pamoja na usafirishaji, ushuru, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na tangi nililolipasua, ilifika shilingi milioni moja na laki sita. Mtu anayecheza michezo jioni kwa muda wa saa mbili au tatu simshauri kabisa. Kwa mwenye kadi inayofanya kazi usiku kucha karibu na watu waliolala, naona ni fedha halali, ili mradi atenge siku ya kusafisha mapezi (vipande vyembamba vya metali) ya rejeta kila mwezi. Vumbi la huku hujaa kwa wiki nne kiasi cha kupandisha maji nyuzi mbili, na mimi hulitoa kwa brashi ya rangi na bloa ndogo, nikizuia feni kwa kidole zisizunguke.

Siku ya kwanza nilibandika kipande cha tepu kwenye tangi kuonyesha kimo cha maji. Miezi saba imepita na maji yameshuka unene wa kidole kimoja, kiasi kinachopotea polepole kwenye mipira. Jumamosi iliyopita niliongeza mililita 60 kwa bomba la sindano, na mwanangu akashika tochi.