Vakamu ya pampu ya kubebea vioo: je, inafaa Kigoma na Tabora?

Anayetafuta vakamu ya kubebea vioo, yaani kishikio chenye kikombe cha mpira kinachonasa kwenye kioo, atakutana na aina mbili. Moja ina vikombe viwili au vitatu vidogo, nayo hubanwa kwa kulaza vishikio vyake. Nyingine ina kikombe kimoja kipana cha sentimita 20 na pampu ndogo ya kusukuma kwa kidole gumba. Kwa kioo kizito tunapendekeza hii ya pampu, kwa sababu inakuonyesha hali yake. Kijiti cha pampu kina mstari mwekundu: ukipampu mpaka mstari ukazama wote, mshiko umekamilika, ukichomoza tena, ujue hewa inaingia. Vakamu nyingi za kubana hazina dalili hiyo na huachia ghafla. Zibaki kwenye vigae laini na vioo vidogo vya dirisha.

Kilo zilizoandikwa kwenye boksi zisome kwa mashaka. Mara nyingi ni nguvu ya kung'oa vakamu moja kwa moja kutoka kwenye kioo kipya, safi, kilicholazwa. Tena mpira hauvuti kioo. Hewa ya nje ndiyo inayoukandamiza, na hewa hiyo hupungua nguvu kadiri unavyopanda juu. Kigoma mjini, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ni mita kama 775 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mgandamizo ni pungufu kwa karibu asilimia 9 ukilinganisha na Pwani. Tabora, kwenye mita zipatazo 1,200, upungufu unafika karibu asilimia 13.

Piga hesabu. Kikombe cha sentimita 20, pampu ikiwa imetoa asilimia 60 ya hewa, hapa Kigoma kinakandamizwa kwa nguvu ya takribani kilo 175. Kioo kikisimama wima kinashikiliwa na msuguano peke yake, kama nusu ya nguvu hiyo kikiwa kikavu. Gawanya tena kwa mbili kwa ajili ya usalama, unabaki na kilo 44 hivi. Sisi tunaweka ukomo wa kilo 40 kwa vakamu moja, Kigoma na Tabora.

Uzito wa kioo ni kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Mlango wa milimita 10, wenye upana wa mita 0.9 na urefu wa mita 2.1, una kilo 47: vakamu mbili, watu wawili. Bamba zima la milimita 6, mita 2.14 kwa 3.3, linafika kilo 106. Hapo weka vakamu nne na watu wanne.

Adui mkubwa huku ni vumbi jekundu. Chembe moja chini ya mdomo wa mpira inatosha kupitisha hewa. Futa kioo na mpira kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, usubiri vikauke. Petroli na tina zinaharibu mpira, usizitumie kabisa. Wapo mafundi wanaolowesha mpira kwa maji ili unase upesi. Kweli unanasa, na mstari unazama vizuri, lakini kioo kikisimamishwa kinateleza taratibu huku pampu ikionyesha kila kitu ni sawa. Ndiyo hatari tunayoiogopa kuliko zote. Vioo vya maua (vyenye uso wa michoro, usio laini) na vyenye ufa visinyanyuliwe kwa vakamu.

Pampu, subiri dakika moja, angalia mstari, ndipo unyanyue. Ukichomoza njiani, pampu papo hapo bila kufungua valvu ya kurudisha hewa. Mstari ukirudi tena upesi, shusheni kioo. Vaeni glavu za kuzuia kukatwa na buti, na pasiwe na mtu upande ambao kioo kinaweza kuangukia. Juni hadi Agosti upepo wa ziwani ni mkali, na bamba kubwa hulisukuma mpaka likawazidi nguvu, kwa hiyo vioo vipana vibebwe asubuhi kabla haujachachamaa.

Kabla ya kulipa, omba ujaribu dukani: ibandike kwenye kioo safi, pampu, iache nusu saa. Mstari ukionekana, rudisha. Kagua mdomo wa mpira kwa kidole, hasa kama boksi lilikaa juani, na umuulize muuzaji kama anao mpira wa akiba na kichujio cha ndani ya kikombe, kwani hivyo ndivyo vinavyochakaa mapema.